MGB, Datsun 240Z au Porsche 944: ipi uifufue ikiwa imetelekezwa?

Gari la kwanza nililolifufua nililikuta ndani ya ghala la mahindi nje ya Nakuru, miaka kumi na tisa halijasogea. Lilikuwa MGB GT ya 1971, kijani kilichofifia, kuku wameatamia kwenye kiti cha nyuma. Mama mwenye shamba, mjane, alinifungulia mlango akasema, "Mwanangu, hili lilikuwa la marehemu. Kila Jumapili alisema wiki ijayo ataliwasha." Nililipa siku hiyo hiyo. Sikulala chini kulitazama tumboni. Gari hilo ninalo hadi leo na nalipenda, lakini pesa nyingi zilizonitoka baadaye zilinitoka kwa sababu ya dakika ishirini ambazo sikuzitumia nikiwa chali chini yake.

Tangu hapo nimeshiriki kufufua mengine: Datsun 240Z mbili za marafiki, moja iliyotoka Naivasha na moja ya hapa Mombasa, na Porsche 944 ya binamu yangu aishiye Leicester, Uingereza, ambayo tulihangaika nayo likizo mbili mfululizo. Wenzangu wa hapa na wa ng'ambo huniuliza swali lile lile: kati ya hizi tatu, ipi ninunue ikiwa imeachwa miaka mingi? Huwa nawaambia wasichague gari, wachague ugonjwa. Kila moja ina namna yake ya kuoza ikitelekezwa. MGB huugua mbavu. 240Z huugua ngozi yote. 944 huugua moyo huku uso ukionekana mzima. Kazi yako ni kujua ni ugonjwa upi ambao mfuko wako, subira yako na mafundi wa mji wako wanaumudu.

Zilikotoka

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Zilitoka zaidi ya nusu milioni, za wazi na za paa. Ile ya paa, GT, ilianza 1965. Injini ni ya silinda nne, cc 1,798, kabureta mbili za SU, nguvu farasi 95 hivi. Ni ya ukoo mmoja na injini za Morris Oxford na Austin Cambridge walizoendesha wazee wetu.

Datsun 240Z ilizinduliwa Oktoba 1969, na kwao Japani iliitwa Fairlady Z. Ina silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2,393, farasi 151 kwa kipimo cha wakati ule, na uzito wake ni tani moja na kidogo tu. Porsche 944 ilikuja 1982 ikakoma 1991: silinda nne kubwa, cc 2,479, farasi 163 kwa soko la Ulaya, injini mbele na giaboksi nyuma ili uzito ugawanyike sawa kwenye magurudumu manne. Nyingi zilijengwa Neckarsulm, Ujerumani, ndani ya kiwanda cha Audi.

Kwetu Afrika Mashariki 240Z si mgeni. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, wakati mashindano yalipokuwa bado yakipita nchi zetu tatu. Mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mehta huyo huyo baadaye alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Wapo watu wazima leo waliobebwa mabegani na baba zao kando ya barabara ili waione ile Datsun nyekundu yenye boneti nyeusi ikipita na vumbi lake. Nayataja haya kwa sababu yanaingia kwenye bei na yanaingia moyoni, na mnunuzi aliyeshikwa moyo huacha kutazama chini ya zulia.

Bodi, halafu mengine yote

Injini hufufuka. Ni chuma kinene. Ikigoma hufunguliwa, silinda zikachongwa, zikatiwa pistoni na ringi mpya, ikanguruma. Bati likiisha limeisha, na kila unachofanya baada ya hapo ni kujenga upya. Kwa hiyo mimi sasa hufungua boneti mwisho. Naanza na tochi, bisibisi butu na sumaku ndogo niliyoifunga kwa kitambaa laini isikwaruze rangi. Sumaku hushika bati, haishiki puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi. Ukiipitisha polepole chini ya milango na kuzunguka magurudumu, utajua ndani ya dakika tano ni wapi gari ni gari na wapi ni puti.

MGB haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu zake ziko kwenye mbavu, yale masanduku marefu ya bati yanayopita chini ya milango. Ndani ya kila ubavu kuna ukuta wa pili wa bati ambao huuoni kabisa, na chini yake kuna reli. Kutu huanzia ndani. Siku unapoiona kwa nje, ule ukuta wa ndani umekwisha zamani. Mtihani wake ni huu: tazama uwazi kati ya mlango na bodi, kisha tia jeki kwenye tundu la jeki la kiwandani, inua taratibu huku mwenzako anaufungua na kuufunga mlango. Mlango ukianza kubana, au uwazi ukisinyaa upande wa juu, gari limevunjika mgongo. Kwa MGB ya wazi usinunue bila mtihani huu. GT ina paa linaloisaidia kusimama, kwa hiyo huweza kuficha ugonjwa.

Yangu iliuficha. Nilipoileta Mombasa, fundi wangu wa bodi aligonga ubavu kwa mpini wa bisibisi, akatega sikio, akagonga tena. Akaniambia, "Bosi, hapa hakuna bati. Hapa kuna puti na magazeti." Na kweli, chini ya rangi tulitoa vipande vya gazeti vilivyoshindiliwa na kufunikwa kwa puti, kazi ya mtu aliyetaka gari lipite machoni pa mnunuzi mmoja. Mnunuzi huyo alikuwa marehemu mwenyewe, miaka mingi kabla yangu, na nilimwonea huruma.

Lakini kati ya hizi tatu, MGB ndiyo yenye tiba kamili. Tangu 1988 kampuni ya Uingereza iitwayo British Motor Heritage hutengeneza bodi nzima mpya ya MGB kwa vyombo vya asili vya kiwandani. Si lazima uinunue nzima. Kuisafirisha hadi Mombasa ni gharama kubwa. Faida yake kwako ni kwamba kila kipande cha bati, ubavu wa nje, ukuta wa ndani, sakafu, tao la gurudumu, kinauzwa peke yake kikiwa na vipimo sahihi, na fundi anayejua kuchomelea ataweza kukifunga. Sharti moja tu ulisimamie wewe mwenyewe: kabla ya kukata ubavu, hasa kwa gari la wazi, tundu la mlango lifungwe vyuma vya kulishikilia, na mbavu zishughulikiwe upande mmoja baada ya mwingine, huku mlango ukitiwa na kutolewa kila hatua kupima uwazi. Fundi akikata pande zote mbili siku moja, bodi itajikunja, na hakuna atakayeirudisha ilivyokuwa.

240Z ni habari nyingine. Bati lake ni jembamba na kinga yake ya kutu ilikuwa hafifu tangu kiwandani. Kutu hula chini ya betri, kwenye reli mbili zinazopita chini ya sakafu, kwenye sakafu yenyewe, nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye ile kona iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, chini ya kioo cha mbele ambako maji na majani hutuama, na kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Ukiwa barabarani funga vioo unuse. Harufu ya moshi ndani ya 240Z mara nyingi hutokana na mpira wa mlango wa nyuma uliokufa au gasketi za taa za nyuma, jambo dogo. Ila ng'oa mpira huo utazame kama bati linaloubeba bado lipo.

Zile mbili za marafiki zangu zinatosha kuwa funzo. Ya Naivasha ilikuwa imekaa juani nyuma ya nyumba ya shamba, rangi imekufa kabisa, dashibodi imepasuka kama ardhi ya kiangazi, viti vimeliwa na panya. Watu watatu waliitazama wakaondoka. Chini yake ilikuwa kavu. Ya Mombasa ilikuwa imeishi Nyali, karibu sana na bahari, na mwaka mmoja kabla ya kuuzwa ilipakwa rangi nyekundu ikawaka kama kioo. Tulipoiweka juu ya stendi, bisibisi ilizama kwenye reli ya kushoto mpaka mpini. Nyumba njema si mlango. Aliyenunua nyekundu alilipa mara mbili ya yule wa Naivasha, na hadi ninapoandika haya haijatembea barabarani. Hewa ya chumvi haina huruma: gari lililokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar nalipima kwa macho mengine kabisa na lile lililokaa Nakuru, Nanyuki au Arusha, hata kama la bara linatisha kwa sura.

Na 944? Bati lake lilipakwa zinki pande zote mbili kiwandani. Ile ya binamu yangu ilisimama bustanini miaka minane chini ya mvua za Uingereza, ukungu wa kijani umeota kwenye mipira ya vioo, na bado tulikuta kutu ya kiganja kimoja tu, mwishoni mwa ubavu karibu na gurudumu la nyuma. Kwa bodi, 944 inazishinda nyingine mbili kwa mbali mno. Hapo ndipo inaponasa watu. Wanaona gari limenyooka, milango inafunga kwa sauti nzito na nzuri, bei ni ndogo, wanadhani wameokota dhahabu.

Kabla ya kugusa ufunguo

Muuzaji atakuambia, "Tia betri tu, linawaka." Msihi asiwashe. Injini iliyolala miaka kumi haina oili juu, imeshuka yote. Ukiizungusha kavu kwa stata unakwaruza kuta za silinda na beringi kwa sekunde chache za furaha.

Kwa MGB na 240Z utaratibu ni mmoja, na unaweza kuufanya mwenyewe. Toa plagi zote. Mimina oili nyepesi, kijiko kimoja cha chakula, ndani ya kila silinda, uache siku mbili au tatu. Kisha tia spana kwenye boliti ya puli ya kranki uzungushe kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ikikataa usilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili, subiri tena. Ikizunguka laini, mwaga oili ya zamani, tia mpya na filta mpya, halafu zungusha kwa stata plagi zikiwa bado nje, mpaka geji ya oili ipande. Ikipanda, ndipo urudishe plagi. Petroli iliyokaa hugeuka kama gundi, kwa hiyo tangi lishushwe lisafishwe, na mipira yote ya petroli itupwe hata kama inaonekana mizima. Magari mengi yaliyofufuliwa vizuri yamekufa kwa moto kwa sababu ya mpira mmoja wa petroli.

Breki usiziamini hata kidogo. Masta silinda, silinda za magurudumu na kalipa hukwama kwa kutu, na ile mipira ya breki huvimba kwa ndani: unakanyaga, mafuta yanapita, lakini hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa. Badilisha yote kabla ya kulisogeza gari hata uani.

MGB ina mambo mawili ya kujua. Kabla ya toleo la 1967, waya chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari tuliyoyazoea. Ukiunga kifaa cha kisasa bila kujua utakiunguza. Pili, hedi yake ni ya chuma cha kutupwa, na viti vya valvu vilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli. Petroli ya risasi ilikwisha kwetu 2006. Siku utakayofungua hedi, waambie wa mashine wakutilie viti vigumu. Matoleo ya baada ya 1967 pia yana sinkro, kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza, kwenye gia zote, na hayo ndiyo ningekushauri uyatafute.

Kabureta za MGB na za 240Z ni za jamii moja, pistoni inayopanda kwa mvuto wa hewa na sindano ndani ya jeti. Fundi wa pikipiki makini atazielewa ndani ya saa moja. Ila kumbuka mwinuko. Nairobi na Nakuru ziko juu ya mita 1,600, na hewa ya huko ni nyepesi. Gari lililorekebishwa Mombasa likapandishwa huko litakunywa petroli na kutoa moshi mweusi, mtu akadhani ringi zimekwisha. Rekebisha jeti pale utakapoendesha, ndipo uhukumu injini. Nimemwona mtu akifungua injini nzima isiyo na kosa kwa ajili hii.

Sasa 944. Hapa nakusihi: usizungushe kabisa. Injini hii ina mikanda miwili ya meno, mmoja wa taiming na mwingine wa shafti za kusawazisha mtikisiko. Mkanda wa taiming ukikatika au ukiruka meno, pistoni hugonga valvu na hedi inaharibika. Mpira uliosimama miaka minane umejikunja mahali pamoja mpaka umekauka. Huenda ukavumilia dakika moja, huenda usivumilie. Wenye 944 wanaojali huibadilisha kila baada ya miaka minne hivi hata gari likiwa halitembei. Pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huo huo, kwa hiyo hubadilishwa pamoja na rola zake.

Hiyo ni mwanzo. Mipira ya petroli inapita juu ya injini ikiwa na presha kubwa, na ikipasuka inanyunyiza juu ya chuma cha moto. Sili za kipoza oili zikifa, oili na maji huchanganyika, ukifungua kifuniko unakuta kitu kama chai ya maziwa. Klachi ya zamani ina kitovu cha mpira kinachopasuka, na kuifikia ni lazima ushushe ekzosi, giaboksi ya nyuma na lile bomba refu la shafti linaloiunganisha na injini: siku kadhaa za kazi kwa watu wawili wanaojua. Kuna jambo moja tu jepesi. Gari likikataa kuwaka ghafla, mara nyingi ni rilei ndogo ya kompyuta ya injini, kitu cha bei ndogo. Weka ya akiba kwenye kisanduku cha dashibodi.

Binamu yangu aliinunua kwa bei ya pikipiki nzuri. Mikanda, pampu, klachi na mipira vilikula mara tatu ya bei hiyo, na kazi tulifanya wenyewe. Muuzaji alisema mikanda ilibadilishwa "juzi juzi". Hakukuwa na risiti hata moja, na tulipofungua tulikuta nyufa unazoweza kuingiza ukucha. Kwa 944, kisicho na risiti hakikufanyika. Hesabu hivyo tangu unapotaja bei.

Spea na mikono

Kwa MGB, hakuna kitu usichoweza kuagiza kutoka Uingereza, kuanzia skrubu ya kioo hadi injini iliyofanyiwa oveholi. Bei ni za kibinadamu, vifurushi vinafika. Tatizo ni ushuru na subira.

240Z ina bahati ya ukoo. Injini yake ni ya jamii ya L ya Nissan, na ndugu yake L28 ilifungwa kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980 zilizojaa huku kwetu. Ukipita Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo mafundi wazee bado wanaiita Grogan, utapata mtu anayeijua injini hiyo kwa kuipapasa gizani. Wengine huamua kuitia L28 nzima na inakaa mahali pake bila ugomvi. Sioni ubaya, mradi injini ya asili iwekwe salama kwenye mafuta, isiuzwe chuma chakavu. Kinachokosekana kwa 240Z ni vitu vya sura: plastiki za ndani, dashibodi isiyopasuka, vipande vya kuremba. Kwa hiyo gari lisilo na injini lakini lenye vitu vyote vya ndani ni bora kuliko lenye injini nzuri na ndani tupu. Watu wengi hulichagua la pili, kisha wanatafuta kifuniko cha taa miaka mitatu.

944 ina spea za kutosha Ulaya, nyingine zikiwa na jina la Porsche na bei ya jina hilo. Kwa aliye Leicester, Stuttgart au Toronto hilo linavumilika. Kwa aliye Mombasa, ningeuliza kwanza: ni nani hapa aliyewahi kukaza mkanda wa 944 kwa kipimo sahihi? Ukikosa jina la mtu, umepata jibu.

Kuhusu uendeshaji sitakaa sana, maana zote tatu zikiwa nzima zinapendeza. MGB ni ya taratibu na imara, na ikiwa na ovadraivu, gia ya ziada ya kupumzisha injini kwenye mwendo wa kasi, inatulia vizuri barabara ya Voi. 240Z ina ile sauti ya silinda sita inayokuandama usingizini. 944 inashika kona kuliko zote, lakini iko chini mno kwa matuta yetu. Jambo moja linachekesha watu wa Ulaya nikiwaambia: MGB zilizotoka tangu mwishoni mwa 1974, zile za bampa za mpira zilizoinuliwa juu, wao huzidharau kwa kuyumba kwenye kona. Hapa kwetu ule urefu wa ziada ni faida, na bei yake ni ndogo.

Pesa na karatasi

Miaka ya 1990 Nissan wenyewe walijaribu kununua 240Z za zamani huko Marekani, kuzifufua kikamilifu na kuziuza kupitia wakala wao kwa karibu dola 25,000 kila moja. Walikuwa na mafundi, michoro na spea za kampuni iliyolitengeneza gari. Hazikufika hata hamsini, mpango ukasimama. Mimi hukumbuka habari hii kila ninapomsikia mtu akisema atafufua gari auze apate faida. Ni kweli mwaka 2020 kulikuwa na 240Z ya 1971 iliyouzwa dola 310,000 mnadani Marekani, lakini hiyo ilikuwa imetunzwa, haikuokotwa chini ya mwembe. Fufua kwa sababu unataka kuliendesha.

Kwenye MGB yangu, bodi na rangi vilikula zaidi ya nusu ya pesa zote. Injini, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiihofia usiku, haikufika robo.

Kwa walioko Kenya, gari lililozidi miaka minane kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa, na la usukani wa kushoto halisajiliwi. Maana yake utatafuta lililo tayari nchini. 240Z za Marekani zina namba ya chesisi inayoanza na HLS30, usukani wa kushoto; unayoitaka wewe ni HS30. Tanzania kuna ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa, na hesabu yake ifanywe kabla ya kupeana mikono, si bandarini. Na kama mwenye gari amefariki, kama ilivyokuwa kwangu, usilipe pesa yote mpaka familia iwe na hati ya usimamizi wa mirathi na jina kwenye logibuku liweze kuhamishwa. Mimi nilichukua mwaka mzima kwa jambo hilo, na yule mama alinivumilia sana.

Nani achukue ipi

Kama hujawahi kufufua gari na uko Afrika Mashariki, chukua MGB, ya paa ikiwezekana, kamili hata kama ina sura mbaya, ikiwa na mbavu ulizozipima kwa jeki. Ni gari linalosamehe makosa ya mwanafunzi, na kila kosa lina spea yake.

Kama Safari Rally iko damuni, subiri 240Z ya bara. Usikubali ya pwani kwa sababu tu imepakwa rangi. Subira ya miaka miwili ni bei ndogo kuliko reli mbili na sakafu. Ukiipata na huna pesa za kuianza, inunue hivyo hivyo, ikaushe, iinue juu ya stendi chini ya paa na uifunike kwa kitambaa kinachopumua, si turubai la plastiki linalofungia unyevu.

944 ningempa yule aliye ng'ambo, mwenye gereji yenye taa na mwenye mkono wa kufuata kitabu cha ufundi hatua kwa hatua. Akiletewa moja inayong'aa, akaambiwa inawaka bila shida, aombe risiti za mikanda. Zisipokuwapo, atoe waya wa betri, afunge boneti, na alipandishe gari juu ya lori la kubebea magari hadi nyumbani bila kuiwasha.